Misfah au Jabal Akhdar: vijiji vya mawe viwili, usiku mmoja

Maskati ikianza kupoa, Novemba hivi, simu yangu haitulii. Huyu anatoka Dar, yule Unguja, mwingine ni binamu yuko Dubai na ana siku nne za mapumziko. Ombi ni lile lile: "Tumechoshwa na majumba ya vioo, tupeleke mlimani kwenye vile vijiji vya mawe." Kisha zinafuata picha mbili, moja ya Misfat al Abriyeen, ambayo hapa nitaiita Misfah, na moja ya Jabal Akhdar, na aliyezituma anaamini ni mahali pamoja. Si pamoja. Kutoka huku hadi huko ni karibu saa mbili za gari, na anayeipenda Misfah huenda Jabal Akhdar akaiona ya kawaida kabisa, au kinyume chake.

Mimi nina upande wangu na sioni haja ya kuuficha. Mwenye usiku mmoja tu, magoti mazima, na safari yake iko kati ya Novemba na Machi, nampeleka Misfah. Aliyepungukiwa na lolote katika hayo matatu, basi tukae tuzungumze.

Kijiji na mlima

Misfah iko kilomita chache juu ya mji wa al-Hamra, kwenye mwinuko wa kama mita 1,000. Ni kijiji kimoja kidogo, unakimaliza kwa nusu saa ukikaza mwendo, ingawa sijamwona mtu aliyekaza mwendo pale. Nyumba zake ni za mawe na udongo, nazo hazikujengwa kando ya mwamba bali zimepandishwa juu yake. Viko vyumba ambavyo ukuta wa nyuma ni jabali lenyewe, na viko vichochoro vinavyopita chini ya nyumba za watu. Aliyekulia Mji Mkongwe atajiona yuko kwao: njia ya kupishana bega kwa bega, mlango wa mbao uliokula miaka, kivuli mchana kutwa. Ila huku kichochoro kinageuka ngazi bila kukuaga. Ukizifuata ngazi hizo unatokea shambani, kwenye mitende, migomba, mindimu na mikomamanga iliyopandwa katika vitalu vilivyokingwa kwa kuta za mawe, kimoja chini ya kingine hadi bondeni. Mwaka 2021 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa liliitia Misfah katika orodha yake ya kwanza ya vijiji bora vya utalii duniani, na tangu hapo Ijumaa zake si zile za zamani.

Jabal Akhdar si kijiji, ni mlima mzima. Mtu akikwambia "nilikwenda Jabal Akhdar", muulize wapi. Juu kuna uwanda wa Saiq, mwinuko wa kama mita 2,000, wenye barabara pana za lami, maduka, kituo cha mafuta, shule, na nyumba mpya za saruji zilizotapakaa. Ukiishia hapo utauliza hivyo vijiji viko wapi. Viko ukingoni. Al-Aqr, al-Ayn na ash-Shirayjah vimekaa kwenye mdomo wa korongo, na kutoka kwenye nyumba zake mashamba yanateremka kitalu baada ya kitalu mpaka yanaishia kwenye genge. Upande wa pili wa uwanda kuna Wadi Bani Habib, kijiji kilichohamwa. Nyumba zake za mawe na udongo zinabomoka taratibu, lakini miti ya jozi na mikomamanga iliyo chini yake bado ina wenyewe.

Kwa hiyo Misfah unaingia ndani ya kijiji, unalala ndani yake, unaamka ndani yake. Jabal Akhdar, mara nyingi, unalala mahali pengine na kijiji unakitazama. Picha haziwezi kukuonyesha tofauti hii, nayo ndiyo inayowafanya wageni wangu warudi wakiwa wameridhika au wamenuna.

Barabara itaamua kabla yako

Maskati hadi Nizwa ni kama kilomita 160 za barabara kuu, haina neno. Basi la abiria linafika Nizwa. Baada ya hapo ni teksi au gari lako.

Misfah gari lolote linafika, hata kile kigari kidogo kuliko vyote cha kukodi. Lami inakupeleka mpaka mlangoni mwa kijiji, unaegesha juu, unabeba mzigo wako unashuka nao. Gari haliingii. Binamu yangu alikuja na sanduku la magurudumu, kubwa, la rangi ya zambarau, na kijiji kizima kilijua amefika: ta-ka-ta-ka-ta kwenye kila kidato. Mwisho alilipandisha kichwani kama muuza samaki. Chukua begi la mgongoni.

Jabal Akhdar ni habari nyingine. Unapandia Birkat al Mawz, jina ambalo kwetu halihitaji mkalimani: Birika la Ndizi, na kweli migomba unaiona kabla hujaziona nyumba. Mfereji wa pale, Falaj al-Khatmain, ni mmojawapo wa mitano ya Oman iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, kwa hiyo hata ukikwama hapo hujakwama pabaya. Nasema ukikwama kwa sababu mbele kidogo kuna kizuizi cha polisi, na kisichokuwa 4x4 hakipiti.

Najua, kwa sababu nilirudishwa. Kijana wa duka la kukodisha magari aliniapia kwamba lile gari ni la mlimani, "linapanda popote." Kwa sura lilikuwa la mlimani kweli, refu, lenye matairi mapana. Askari aliomba leseni na kadi ya gari, akaisoma, akainama akachungulia chini, akainuka na tabasamu la mtu aliyekwisha kuona mambo hayo asubuhi ile mara nne. Gari lilikuwa linavuta magurudumu mawili. Tukaliacha Birkat al Mawz, tukamlipa kijana mmoja mwenye Land Cruiser atupandishe, na nusu siku ikawa imekwenda. Basi usiulize kama gari "linapanda". Omba kadi uisome mwenyewe kabla hujalipa.

Kupanda kwenyewe ni kama kilomita 35 za lami nzuri. Kazi iko kwenye kushuka. Weka gia ndogo ushuke nayo, breki ziguse tu. Ukiona kando ya barabara njia za changarawe zinazopanda mlimani na kuishia hewani, zile ni za magari yaliyopoteza breki, na hazikuwekwa kwa mapambo.

Maji

Ningeulizwa nichague kwa jambo moja tu, ningechagua kwa maji, na hapo Misfah inashinda bila kutoka jasho.

Mfereji wa kijiji, falaji kama wenyewe wanavyouita, unapita katikati ya mashamba kwa kiwango cha kiuno, wakati mwingine juu ya ukuta unaotembea juu yake wewe mwenyewe, mguu mmoja mbele ya mwingine. Upana wake ni wa shibiri mbili tatu. Sauti yake iko kila mahali, na ukilala vyumba vya upande wa chini utaisikia usiku kucha. Oman ina mifereji ya namna hii ipatayo 3,000 inayofanya kazi mpaka leo. Maji yake hayagawiwi kwa ndoo, yanagawiwa kwa muda. Kila mwenye shamba ana zamu yake, inayohesabiwa kwa athar, na athar moja ni kama nusu saa. Zamani zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku.

Siku moja tulikuwa tumekaa juu ya ukuta wa kitalu, tunamenya machungwa, akaja mtu wa makamo, kanzu ameikunja magotini. Akasimama penye tundu la shamba lake. Akatazama saa ya mkononi, akangoja. Hakutusemesha baada ya salamu. Ilipotimu, akainama, akang'oa jiwe lililofungwa tambara kutoka kwenye tundu, akalitia kwenye mfereji mkuu na kulikandamiza kwa kisigino. Maji yakasita, yakajaa kidogo, kisha yakageuka kama ng'ombe aliyeguswa ubavuni, yakaingia migombani. Yeye akaketi. Hakukuwa na msimamizi wala daftari. Baada ya zamu yake akarudisha jiwe mahali pake, akaenda zake, na mfereji ukaendelea kwa jirani.

Jabal Akhdar nako kuna falaji, na njia ya kutembea kati ya vijiji vile inafuata kingo zake. Lakini usitegemee kijani kama jina la mlima linavyodai, maana akhdar ni kijani. Ash-Shirayjah, ukitazama kutoka juu, utaona vitalu vya kijani na kati yake vya kijivu, vimekauka, kuta zake zimeanza kulegea. Mgeni aliyezoea picha za Aprili akifika Desemba anashangaa rangi imekwenda wapi.

Adabu ya maji ni ile ile kote: usioge, usifue, usiingize miguu juu ya mahali watu wanapochota. Watoto wa kijiji wakichupa birikani, lile ni birika lao.

Kutembea

Misfah ina kutembea kwa aina mbili, na wengi hawaambiwi kuhusu ya pili mpaka wameshaianza. Ya kwanza ni kuufuata mfereji kuelekea unakotoka, chini ya mitende, kwenda na kurudi saa moja au zaidi kidogo ukisimamasimama. Hiyo hata mtoto wa miaka saba anaiweza, mradi umshike mkono pale ukuta unapokuwa mwembamba. Ya pili ni W9, njia ya punda ya zamani inayopanda kutoka kijijini hadi Sharaf al Alamein, kwenye mgongo wa mlima unaotazama pande mbili. Alama zake ni mistari mitatu iliyopakwa kwenye mawe, njano, nyeupe na nyekundu. Ni kupanda karibu mita 1,000 juani, mawe matupu, hakuna duka wala kivuli cha maana. Tenga saa tano au sita, beba maji lita tatu kila mtu, anza alfajiri, na panga gari likungoje juu, la sivyo magoti yatakayokurudisha ni yale yale yaliyokupandisha.

Jabal Akhdar kutembea ni kwa upole zaidi. Kutoka al-Aqr unakwenda al-Ayn, kisha ash-Shirayjah, unapita nyuma ya nyumba, juu ya falaji, katikati ya mawaridi na mikomamanga, na korongo liko upande mmoja muda wote. Saa mbili zinatosha. Ngazi zipo ila hazikukomoi, na gari linaweza kukutangulia hadi kijiji cha mwisho, jambo ambalo Misfah haliwezekani. Hewa ya mita 2,000 ni nyepesi na kavu, midomo itapasuka, beba mafuta.

Na kama ulichokuja kukifanya ni kutembea tu, kijiji ni nyongeza, basi acha vyote viwili uende mlima wa Jebel Shams, ushike njia ya W6 kutoka kijiji cha al-Khitaym. Inakwenda kwenye ukingo wa korongo kubwa hadi kijiji kilichohamwa cha as-Sab, vyumba vya mawe chini ya mwamba unaoning'inia, saa moja na nusu kwenda. Ile haina mpinzani. Ila anayeogopa kimo asithubutu.

Kulala na kula

Wanakijiji wa Misfah wamezigeuza baadhi ya nyumba za wazee wao kuwa nyumba za wageni. Chumba ni kidogo, dari ni ya magogo ya mtende, kuta nene kama za gereza la Kireno, godoro mara nyingine liko chini juu ya mkeka. Choo huenda ukakitumia pamoja na wageni wengine, na ili ukifikie huenda ukapanda ngazi nane gizani. Uliza kabla. Chakula cha usiku kwa kawaida kimo ndani ya bei: wali, kuku au nyama, dengu, saladi, mkate mwembamba, mnakula pamoja juu ya paa huku mlima wa upande wa pili unageuka bluu, kisha mweusi. Baadaye inakuja kahawa. Hii si kahawa chungu ya baraza zetu. Ni nyepesi, ya rangi ya mchanga, imejaa iliki, na utamu wake ni tende uliyoshika mkono wa pili. Kikombe ukikirudisha bila kukitikisatikisa, kinajazwa tena. Nilikunywa saba kabla sijaambiwa.

Jabal Akhdar kuna kila kitu kuanzia nyumba za kupanga za familia hadi hoteli za kifahari mbili zilizokaa kwenye ukingo wa genge. Mahali aliposimama Diana wa Uingereza mwaka 1986 kutazama korongo leo ni ndani ya mojawapo. Pesa ya usiku mmoja huko, familia yangu inalala Misfah siku kadhaa na kula kushiba. Sisemi hazina thamani. Bafu ni bafu, na kuna umri ambao maji ya moto ni hoja inayotosha. Nasema tu kwamba asubuhi ukifungua pazia la hoteli utaona kijiji ng'ambo, kidogo kama cha karata, na ili usikie jogoo wake itabidi uwashe gari.

Majira yanapindua hesabu

Yote niliyosema hapo juu yanageuka mara mbili kwa mwaka.

Mara ya kwanza ni msimu wa waridi, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei inaanza. Wakati huo nampeleka kila mtu Jabal Akhdar, hata mwenye magoti ya chuma. Mawaridi ni ya rangi ya pinki, madogo, hayana umbo la kujivunia, lakini ukifika al-Ayn alfajiri watu wakiwa wanachuma utaelewa kwa pua. Yanachumwa kabla jua halijayakausha, yanapelekwa kwenye vyumba vyenye tanuri za udongo. Petali zinatiwa kwenye chungu, ndani yake kinawekwa chombo cha shaba cha kukinga matone, juu kinafunikwa kwa bakuli la maji baridi. Mvuke unapanda, unakutana na ubaridi, unadondoka. Maji ya waridi ya namna hii si meupe kama ya dukani. Yana rangi ya chai hafifu na harufu ya moshi imejificha nyuma ya ua. Shangazi yangu, aliyekulia Unguja akinyunyiziwa marashi kwa mrashi kwenye kila maulidi na kila harusi, alinusa chupa, akafumba macho, akasema, "Haya ndiyo ya bibi. Yale tunayonunua sisi ni maji ya bomba yenye jina."

Mara ya pili ni kiangazi chao, Juni hadi Agosti. Maskati inapita nyuzi 40, Nizwa hivyo hivyo, na Misfah pamoja na mitende yake haikuokoi sana mchana. Saiq juu inabaki karibu na 30, na usiku unajifunika. Septemba na Oktoba komamanga zinakuwa tayari, nazo za Jabal Akhdar zina sifa Oman nzima. Nunua kwa mkulima pembeni ya shamba, umwache akuchagulie.

Upande wa pili wa sarafu ni Januari. Usiku wa Saiq unaweza kushuka hadi karibu na 0. Ndugu zangu wa Tanga wanafika na kanga na kandambili. Leteni sweta.

Wenyeji, na majina tunayoyajua

Abriyeen ni watu wa kabila la Abri. Jabal Akhdar ni nchi ya Bani Riyam. Msomaji wa Unguja, Pemba au Mombasa ameshatabasamu, maana al-Riyami na al-Abri si majina ya kigeni kwenye orodha za shule zetu. Waomani wengi waliokwenda pwani yetu walitoka bara ya Oman, kwenye vijiji kama hivi, si Maskati tu, na baada ya 1964, na zaidi baada ya 1970, Sultani Qaboos alipoingia madarakani, wengi wao walirudi na Kiswahili mdomoni.

Kwa hiyo usishangae. Al-Aqr tulikuwa tunabishana juu ya njia, sauti juu kama kawaida yetu, mzee aliyekuwa ameketi kizingitini akatuacha tumalize, kisha akasema kwa Kiswahili kisicho na kutu, "Njia ni hiyo ya kushoto. Na huyo dada viatu vyake havifai."

Tukamwamkia shikamoo kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. "Marahaba. Mimi Wete, miaka kumi na miwili," akasema. "Karafuu nimechuma mimi, msinione hivi." Akatukaribisha kahawa, akauliza habari za barabara ya Wete hadi Chake, akauliza bei ya karafuu, hakuuliza kitu kuhusu Maskati.

Ukarimu huo usikufanye ukajisahau. Misfah hasa, wageni wamekuwa wengi na vichochoro ni vile vile. Kwenye kijiji hiki watu bado wanaishi, wanaanika nguo, wanagombana na watoto wao, na dirisha la chumba cha mtu liko usawa wa uso wako. Mabega na magoti yafunikwe, wanawake kwa wanaume. Picha ya mtu uombe, ya mwanamke usiombe. Ukitaka utulivu wenyewe, nenda Jumapili hadi Jumatano. Alhamisi jioni Maskati nzima inapanda.

Sasa wewe

Mwenye watoto wadogo watundu: Jabal Akhdar usiende ukakaa ukingoni, Misfah usiwaachie mikono kwenye mfereji. Kwa hao mimi huchagua Misfah, kwa sababu maji yanawashughulisha kutwa nzima na wanalala saa mbili usiku bila ugomvi.

Mwenye mzazi wa miaka sabini: Jabal Akhdar, bila mjadala. Nilifanya kosa la kumpeleka shangazi Misfah kwanza. Alishuka vizuri. Kupanda, kwenye kidato cha arobaini hivi, aliketi, akatoa kitambaa akapangusa uso, akaniuliza kwa utulivu wa kutisha, "Mwanangu, hizi ngazi zina mwisho, au nianze kuzoea maisha ya hapa?" Kijana mmoja alimletea kiti cha plastiki na maji, na nyumba ya jirani ikaleta tende. Mwisho alikuwa na marafiki wanne, lakini magoti yake yalinihesabia siku nzima iliyofuata.

Asiye na gari la 4x4 wala hamu ya kulikodi: Misfah, na al-Hamra ya zamani chini yake, ambako nyumba za udongo za ghorofa zimesimama nusu tupu na unaweza kuzitembelea jioni.

Mwenye usiku mbili achukue vyote, aanze na Misfah usiku wa Jumatano, ashuke Nizwa alale huko au apande moja kwa moja, mradi Ijumaa asubuhi na mapema awe Nizwa kwenye mnada wa mbuzi. Mbuzi wanazungushwa kwenye duara, wanunuzi wamekaa kandokando, bei zinapigiwa kelele. Anayejua minada yetu ya Pugu atafuata mchezo bila kujua neno la Kiarabu.

Kuna pia wanaoniuliza Wakan na Balad Sayt. Wakan iko upande wa kaskazini wa milima hiyo hiyo, kwenye Wadi Mistal, na mishmishi (aprikoti) zake zikichanua Februari na Machi ni nzuri mno, ila njia ya mwisho ina mwinamo mkali, na kijijini ngazi ni nyingi kuliko za Misfah. Balad Sayt ni kizuri kuliko vyote hivi, kusema kweli, mashamba yake yako kama zulia lililotandikwa katikati ya milima mitupu. Lakini barabara yake inataka dereva, si mtu mwenye leseni. Mimi huenda na mwenyeji.

Shangazi anakuja tena Aprili. Misfah hataki kuisikia, Jabal Akhdar ameshapanga, na jana amenitumia sauti akiniagiza nimtafutie chupa tupu sita zenye vifuniko vya kukaza, za kioo, asizione za plastiki.